Glavu za Mkuu wa Maabara

Pale Heidelberg, kwenye maabara wanakochora ramani ya jinsi protini zinavyoshika nyuzi za RNA na kuamua jeni ipi ya binadamu iseme na ipi inyamaze, Roswitha mwosha chupa alimjua mkuu wao kwa mlio wa glavu. Mkuu alizivaa pwaa! pwaa! tangu mlangoni. Akafuta meza, akafuta kitasa, akafuta hata kalamu ya mwenzake. RNA, alipenda kusema kwa ile sauti yake nyembamba, humalizwa na jasho la kidole kimoja tu. Vidole vyake mwenyewe alivishika juu, kama bwana harusi anayesubiri kunawishwa.

Jumanne moja sampuli za miezi mitano ziliharibika zote, na barua ya kumwachisha Roswitha kazi ilikuwa mezani, inangoja sahihi.

"Ni mikono yako, mama," mkuu akasema. "Chupa zako chafu."

"Mikono hii imeosha chupa hapa tangu wewe unafutwa makamasi, Daktari. Hebu tazama wako uko wapi sasa hivi!"

Mkuu akaganda. Kidole chenye glavu kilikuwa puani, kinakuna palepale kinapokuna kila baada ya sampuli mbili, miaka yote. Wanafunzi wakainamia kazi zao, mabega yakitikisika kwa kicheko. Akaivua glavu taratibu, akaitupa. Barua nayo akaichana. Kisha akavaa glavu mpya, pwaa! akashusha pumzi kama mtu aliyeponea chupuchupu, na akajikuna pua.