Kidude cha Spika za Babu

Usiku ule nililala na vidude viwili kichwani, vyote vya kupigia muziki bila waya, na kila kimoja kinanivuta kwake kama mbuzi wawili waliofungwa kamba moja. Kesho yake kabla ya saa tatu asubuhi nilitakiwa niwe nimechagua. Jumapili nilikuwa nahama Tabora kwenda Kahama kuanza ukarani kwenye ghala la pamba, kazi niliyoipata kwa cheti cha kidato cha nne cha shule ya jioni. Cheti hicho nimekisotea nikiwa mtu mzima wa kutosha kumzaa mwalimu wangu wa hesabu, na nusu ya masomo nimeyasikia huku nasinzia, lakini siku nilipokipata nilikitembeza mtaa mzima, hata mbuzi wa jirani walikisoma.

Basi nilitaka kuondoka nikiwa nimeirudishia nyumba sauti yake.

Nyumba ni ya babu yangu, mzaa mama, aliyefariki mwaka jana kabla ya mvua. Aliacha amplifaya nzito kama jiwe la kusagia, na spika mbili ndefu kama kabati za nguo. Zikifunguliwa kisawasawa, nawaapia, kuku wa nyumba ya pili walikuwa wakitaga kabla ya siku zao. Kila baada ya swala ya alasiri babu alitia kaseti ya dansi, na bibi akakaa kwenye kiti chake karibu na spika ya kushoto, anachambua mchele kwa vidole, maana macho yake yalishaingia ukungu siku nyingi. Babu alipotutoka, bibi aliendelea mwenyewe. Alikuwa akipapasa ukingo wa meza, anafika kwenye kitufe cha kaseti, anabonyeza. Kisha mtambo wa kaseti nao ukafa. Mpira wake wa ndani uliyeyuka ukawa lami, na fundi akasema vipuri vyake havipatikani tena duniani, labda huko alikokwenda babu mwenyewe.

Tangu siku hiyo bibi akaanza kupungua. Mimi kuzidisha mambo ninajijua, lakini hapa sizidishi. Chakula vijiko viwili. Maneno matatu kwa siku, mawili kati ya hayo ni "sitaki." Alasiri anakaa palepale karibu na spika, mikono mapajani, anaisikiliza spika isiyosema kitu. Jirani mmoja alinivuta pembeni akaninong'oneza, "Mwanangu, wazee wakianza kukaa hivyo, huwa wanaaga."

Ndipo nikaenda kwa Fundi Jafari, mwenye duka la redio na simu.

"Hiyo amplifaya usije ukaitupa, dada," alisema. "Mgongoni ina matundu ya kuingizia sauti. Tunachomeka kidude tu, nyimbo zinatoka hewani."

Akanipangia vitatu mezani. Cha kwanza kidogo kama kiberiti, kinapokea muziki kutoka kwenye simu kwa bluetooth. Cha pili chembamba, cheusi, kinang'aa, kinatumia Wi-Fi, kinajivutia nyimbo chenyewe kutoka kwenye intaneti, na wewe unakiamuru kwa simu. Cha tatu kinene, rangi ya ugali wa muhogo, kina bluetooth na tundu la memori kadi ya kuwekea nyimbo, na usoni kitufe kimoja cha kuzipigia, kikubwa kama kizibo cha soda.

"Na hiki?"

"Hicho cha wazee." Jafari akacheka. "Msomi kama wewe upite nacho mtaani? Watu watakuuliza kama umenunua pasi."

Akawa amenigusa penyewe. Cha tatu sikukitazama tena. Nikabaki kati ya kiberiti na kile cheusi, na moyo ulishakwenda kwa kile cheusi. Jafari alikuwa amebaki nacho kimoja, na kuna mtu mwingine anakitaka. Saa tatu ya kesho isipite, akasema. Bibi sikumwambia kitu. Nilitaka iwe zawadi ya kumshtukiza.

Nikalala na hayo.

Na kulikuwa mchana. Mchana wa saa saba, jua limeingia sebuleni mpaka kwenye pembe, vumbi linaelea kwenye mwanga bila kushuka. Spika zinapiga kwa kile kidude cha kiberiti. Simu iko mfukoni mwa gauni langu, naihisi inavyopata joto pajani. Bibi yuko katikati ya sebule anacheza, polepole, mabega tu, macho kafumba.

Babu yuko mlangoni.

Amevaa suti ya kahawia, ile ile tuliyoitoa sadaka siku ya arobaini yake. Viatu vyake havina vumbi. Sikushangaa. Ndotoni mtu hashangai, anaogopa tu. Nimelelewa nikiambiwa kwamba marehemu akikuita usiitike, akikupa kitu usipokee, na akinyoosha mkono kwa mtu wa nyumbani, mshike mtu wako kabla hajaondoka naye. Na babu amenyoosha mkono. Ameunyoosha hivi, mbele yake, kuelekea sebuleni, na hausogei.

Nje mtu anasoma majina. Najua, bila kuambiwa, kwamba ni majina ya makarani wa Kahama, na anayesoma hatarudia. Langu liko mbali kidogo, lakini linakuja. Natembea kuelekea mlango wa uani. Nafika kizingitini, muziki unashika kwikwi. Bibi ameinua mguu. Mguu unabaki hewani. Navuka kizingiti, hatua moja, ya pili, na spika zinanyamaza kabisa.

Bibi anaushusha mguu. Anaushusha upande wa babu.

Narudi mbio. Muziki unarudi, bibi anacheza, mabega yaleyale. Lakini pale alipokuwa mwanzo harudi. Kati yake na mlango kulikuwa na hatua nne, sasa ziko tatu.

Najaribu tena, mwendo wa kunyata, kana kwamba simu haitajua kwamba naondoka. Kizingiti, kwikwi, kimya. Bibi anasogea. Zimebaki mbili. Jasho linanitoka mpaka kwenye nyayo, naacha alama za miguu sakafuni kama mtu aliyetoka kisimani.

Nikageuka nirudi sebuleni, na sebule ni darasa la shule ya jioni. Madawati yaleyale yaliyochongwa majina, ubao wenye ufa, ila juu ya ubao ndipo zilipo spika, na mbele, bibi bado anacheza. Babu ni msimamizi wa mtihani. Anapita kati ya madawati, mikono nyuma, na hatua zake hazina mlio. Karatasi yangu ina swali moja tu: chagua. Juu ya dawati kuna kile kidude cheusi, kinang'aa mpaka naona meno yangu ndani yake.

Hili nalijua, nasema moyoni. Nakichomeka. Muziki unatoka hewani, safi, mkubwa. Natembea mpaka mlangoni, unapiga. Natoka uani, unapiga. Nafika karibu kabisa na yule msoma majina na bado nalisikia gitaa nyuma yangu, na kwa mara ya kwanza napumua. Nimefaulu, nasema. Nimeshinda hata kifo, mimi wa shule ya jioni.

Wimbo ukaisha.

Nilingoja wa pili. Haukuja. Nikatazama dirishani: taa ndogo ya kile kidude inawaka na kuzima, inawaka na kuzima, inangoja amri ya simu, na simu ninayo mimi huku nje. Bibi amekifikia. Anakipapasa juu, anakipapasa ubavuni, vidole vinateleza kama juu ya sahani yenye maji. Hakuna pa kubonyeza. Anakipapasa tena kuanzia mwanzo, kwa adabu, kama mtu anayebisha hodi nyumba ya wageni. Kisha anashusha mikono, anageuka, na anapiga hatua.

Imebaki moja.

"Rehema."

Ni babu. Na hapo damu ikaniganda, kwa kuwa babu hajawahi kuniita jina langu hata siku moja. Kwetu mjukuu wa kike ni mke wa babu yake kwa utani, na mimi kwake nilikuwa mchumba tangu natambaa. Sikuitika. Niliuma ulimi. Nikakimbia, na katikati ya kukimbia uani kukawa kurefu kama njia ya kwenda Kahama kwa miguu, nikafika, nikaishika kanga ya bibi kwa mikono miwili.

"Mwache, babu," nikasema. "Mwache kwanza. Nakuomba."

Babu ananitazama. Uso wake hauna hasira, na hilo ndilo linanitisha zaidi.

"Mimi simwiti," anasema. "Kimya ndicho kinachomwita."

Nje majina yanaendelea. Nasikia la mtu ninayejua kwamba jina lake linatangulia langu.

"Huo muziki ni wa nani?" babu anauliza.

"Wa bibi."

"Mbona unao mfukoni mwako?"

Nimejibu maswali ya kila mtihani wa jioni, mengine kwa kubahatisha, mengine kwa kusali, na hili sikuwa na la kubahatisha. Naitoa simu mfukoni. Inaunguza. Natafuta pa kuiweka, na hakuna meza, hakuna dawati, hakuna dirisha. Nampa bibi, inapita kati ya vidole vyake kama samaki, inarudi mkononi mwangu. Nje wanasoma jina langu. Kanga inanichomoka mikononi, uzi kwa uzi.

Ndipo nikaitazama mikono yao.

Mkono wa bibi haukuwa unamfuata babu. Ulikuwa usawa wa kiuno, vidole vimetanguliwa na kile cha shahada, unapapasa hewa. Unatafuta ukingo wa meza. Katika kila hatua ile aliyopiga, mama yangu wee, alikuwa anatafuta kitufe. Na mkono wa babu haukuwa wa kuita mtu. Kiganja chake kimeelekea chini, kimetulia, usawa uleule, kama mtu anayemwonyesha seremala kimo cha meza.

"Hapa," babu anasema.

Nikaamka na shuka imefumbatwa mikononi, nimeivuta mpaka imechanika pindo. Kulikuwa kunapambazuka. Nilikwenda chumbani kwa bibi bila kuvaa ndala, nikasimama kando ya kitanda chake, nikainamisha sikio.

"Unanipima nini?" bibi akasema. "Nimekufa?"

Nikakaa chini sakafuni.

"Nimemwota babu."

"Alikuwa amevaa nini?"

"Suti ya kahawia."

"Mwongo huyo. Ile ilikuwa inambana kwapa, hakuipenda." Akajiinua, akakaa. "Alikuja kunichukua?"

"Hapana, bibi. Alikuja kunigombeza mimi."

Nikamweleza yote, na ya Fundi Jafari nikayatia, na kile kidude cheusi, na jinsi nilivyotaka kumshtukiza. Sikujipamba. Nilimwambia ningemfungia muziki mzuri kuliko wote Tabora, halafu Jumapili ningeondoka na ufunguo.

Bibi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, kwa ile sauti yake ya zamani ya kuuliza bei ya dagaa, "Na hapo dukani vyote viko hivyo? Vya kuteleza?"

"Kuna kimoja kina kitufe. Kibaya. Fundi anasema kinafanana na pasi."

"Fundi anatazama. Mimi nakitazamia nini?"

"Twende ukakishike mwenyewe," nikasema. "Vyote vitatu. Utakachokataa hakiingii nyumba hii."

Bibi alinyoosha mkono akautafuta wangu, akaukunjua kiganja, akaweka kidole gumba katikati na kukandamiza, kwa nguvu ambayo sikujua kama bado anayo.

"Kiwe hivi," akasema. "Kisizame sana, mifupa inauma. Na nikibonyeza kiseme ta, nijue kimenisikia."

Nikainama chini ya kitanda, nikamtafutia viatu.