Sufuria ya Shangazi Raheli

"Huyu hawezi kunyamaza hata akiwa anameza," alisema Shangazi Raheli nilipokuwa mtoto, mbele ya ukoo mzima, na ukoo mzima ukacheka. Baba mdogo Zakaria akaongeza kwamba nyegere, wale wanyama wala asali, wakinisikia watapanda treni wahamie Kigoma.

Leo nina stashahada ya ufugaji nyuki, imo kwenye fremu ukutani, na mtu hawezi kuingia sebuleni kwangu bila kuiona, maana nimeitundika mkabala na mlango. Nilifanya kazi mbali miaka mingi, nikarudi hapa Usoke kwa jasho langu mwenyewe, na sasa wageni hutoka mjini Tabora ili niwaoneshe nyegere wakila na kucheza bila kushtuka. Sijui mwingine anayeiweza kazi hii kama mimi. Lakini juzi, nikiwa nachuja asali, harufu ya nta ya moto ilipanda kutoka kwenye sufuria, nikajikuta nimejiziba chini ya kitovu kwa mikono miwili. Mwanafunzi wangu aliniuliza kama naumwa. Ninyi nitawaeleza.

Babu Yakobo alikuwa na mizinga ya magome katika pori la ng'ambo ya mto. Kila msimu wanaume walikwenda kukaa kambini huko kurina asali, nasi watoto tulibaki nyumbani kufukuza ngedere kwenye karanga. Nilitaka kambi kuliko kitu chochote duniani. Babu alisema pori halitaki kelele. Mzinga mmoja ulikuwa umeanguka, na nyegere alikuwa akija alfajiri kuumalizia. "Ukikaa pale, akaja, akala, akaondoka bila kujua kama upo, utakwenda kambini. Ukimshtua, unabaki na ngedere wako."

Sasa, kila mtoto wa Usoke alijua mambo mawili kuhusu nyegere. La kwanza, huugeuzia mzinga makalio, akatoa harufu mpaka nyuki wakazimia. La pili, akikasirika haumi mguu wala mkono. Hukimbilia pale ambapo mwanamume hapendi kukimbiliwa. Binamu yangu Luka, aliyekuwa mkubwa kwangu, aliniambia la pili kwa kirefu, akitaja watu na vijiji vyao.

Nikajiandaa kama mtaalamu. Nilimwomba baba mdogo mabuti yake ya mpira ya shamba la tumbaku. Yalinifika mapajani. Kwa Luka niliazima koti. Kwa Shangazi Raheli nilichukua sufuria ya mpini, ya ukubwa wa wastani, nikaifunga mbele kwa kipande cha kitenge, mdomo ukitazama tumboni na kitako kikitazama maadui. Shangazi alinishika bega, akanigeuza huku na huku.

"Unakwenda kupika nini huko?"

"Ni kinga, shangazi."

"Kinga ya nini?"

Nikamwonyesha kwa macho. Alicheka mpaka akakaa chini. "Irudi ikiwa nzima," alisema akijifuta machozi. "Hiyo ndiyo ninayochujia asali."

Maneno hayo yaliingia sikio hili yakatokea lile.

Alfajiri babu alinikalisha nyuma ya kichaka karibu na mzinga ulioanguka, upepo ukinipiga usoni. Alikuwa amevaa kofia yake ya majani makavu, panga mkononi. Akasema anakwenda kukagua mizinga mingine, akapotea nyuma ya kichuguu. Nikabaki na ndege na umande, na ulimi wangu ukiniwasha.

Walikuja wawili, mama na mtoto. Weusi, na mgongoni kama kila mmoja amejitupia shuka jeupe. Mama alitembea kama mzee wa kanisa aliyechelewa ibada na hajali. Alipofika kwenye mzinga alichana gome kwa kucha, akazama ndani mpaka mabegani, nyuki wakimzunguka bure. Kuhusu makalio, naomba kuliweka wazi kama msomi: sikuona akiyageuza. Mtoto alijiviringisha kwenye majani, akajaribu kumpanda mama, akaanguka. Nilitamani kumweleza mtu. Nilimeza mate.

Kisha mtoto akainua pua.

Bila shaka mmeshaelewa. Mimi nilielewa alipokuwa ameshafika. Upepo ulikuwa umegeuka, na mimi nilikuwa nimejifunga kiunoni chombo kilicholowa asali ya miaka yote ya shangazi. Mtoto alianza kulamba ukingo. Akalamba pembeni. Akagonga kitako kwa meno, kikalia kama kengele ya shule, na mama akaja kuona kuna nini. Alininusa buti moja, akaliona halina maana. Akauma mpini wa sufuria, akavuta.

Niliburuzwa. Nasema hivi nikiwa mtu mwenye stashahada: niliburuzwa kwa makalio juu ya majani makavu, mimi na mabuti na koti, wala sikutoa sauti. Kitenge kilikatika, sufuria ikaenda vichakani ikigonga mizizi, mtoto akiikimbilia kwa furaha. Koti lilibaki kwenye miiba. Mabuti niliyaacha nilipoanza kukimbia.

Nyumbani nilisimulia, hawakuniamini. "Aliyenyamaza ni nani, wewe?" aliuliza Luka. Jioni babu alirudi, ukingo wa kofia yake umetafunwa vibaya. Bibi alipouliza, akasema ni panya. Kisha akatangaza, "Mtoto alinyamaza. Anakwenda kambini." Hakuniuliza hata swali moja. Miaka mingi nilijigamba kwamba babu aliliamini neno langu tupu.

Niliporudi na stashahada yangu, nilibeba gunia, nikamlipa kila aliyeniazima. Baba mdogo alipata mabuti mapya. Luka koti, lenye bitana. Shangazi Raheli aliigonga sufuria yake mpya kwa kidole, akanitazama kiuno, akaanza kucheka upya. Babu nilimletea sukari tu.

"Na mimi je?" akasema. "Kofia yangu?"

"Babu, si ulisema ni panya?"

Akamtuma bibi ndani kuileta. Ilikuwa ile ile. Akaiweka mdomoni, taratibu, na meno yake machache yaliyobaki yakakaa sawasawa kwenye yale mapengo ya ukingo. "Uliponipita unaburuzwa," alisema, "nilikuwa kwenye kichuguu, panga mapajani. Ningecheka, wangekurarua. Nikaing'ata."

Nilikuwa nimevaa kofia ya gharama kubwa kutoka Dar es Salaam. Niliivua, nikamvika. Wote walingoja niseme kitu, maana wananijua.

Nilinyamaza, mara ya pili maishani.