Timazi na Sindano ya Ini

Kaka yangu mafundi wenzake humwita Timazi, ile kamba yenye uzito ya kupimia ukuta ulionyooka, kwa sababu kwa miaka ishirini na sita hajawahi kupiga plasta ikapinda. Mimi ndiye ninayemchanganyia saruji. Yeye huongea na wenye nyumba, mimi huongea na koleo. Tumeishi hivyo na hakuna aliyelalamika.

Mwezi wa tatu alipigwa picha ya tumbo, ikaonyesha uvimbe kwenye ini. Daktari, mama mmoja mwenye miwani, alimwambia atamchoma sindano ndefu ubavuni ili avute kipande chembamba cha ini akakipime.

"Nataka pia kuona protini zilizo kati ya seli na seli," alisema. "Ni kama saruji kati ya matofali. Saratani ikiichezea saruji hiyo, inapata njia ya kwenda kwingine."

Angemwambia mtu mwingine, yangeishia hapo. Timazi alirudi nyumbani na hesabu zake za kifundi. Ukuta uliovimba kwa maji, ukiutoboa, maji yanatafuta njia. Kwa hiyo sindano hataki. Akachukua mkanda mpana wa kubebea mifuko, akajifunga tumboni, akaukaza, ili saruji yake ya ndani ishike. Akawa analala chali, hageuki. Asubuhi alijigonga ubavu kwa kifundo cha kidole, kama tunavyogonga plasta kusikiliza kama imeachia ukuta.

"Hebu sikiliza," aliniambia. "Panalia kama debe?"

Nilisikiliza. Sikujua ini linatakiwa lilie vipi.

Shemeji akanivuta jikoni. "Mimi ameshanizoea. Wewe atakusikia."

"Mimi si msemaji, shemeji."

"Ndiyo maana. Siku ukisema atashtuka."

Sindano ilipangwa Alhamisi. Jumanne nilikwenda hospitali peke yangu. Nilikaa kwenye benchi nikiwapisha watu mpaka foleni ikaisha, na daktari alipotoka kufunga mlango akanikuta. Nilimweleza habari ya mkanda huku nikiangalia viatu vyake. Hakucheka.

"Mwambie aufungue," alisema. "Ini si ukuta. Zile protini zikijazana na kukakamaa, ndipo saratani inapopata pa kushika, ikajivuta mbele. Na mkanda haufiki huko. Unambana pumzi tu."

"Na tundu la sindano, daktari?"

"Sikufichi, hatari ipo. Ni ndogo. Kumtibu bila kujua ninatibu nini ni hatari zaidi."

Njia nzima niliyarudia maneno hayo yasinidondoke. Nilimkuta kaka amelala, jasho linamtoka, mkanda umemchora mstari mwekundu kiunoni. Aliponitazama, maneno yote ya daktari yakayeyuka. Nikabaki na swali langu mwenyewe.

"Kaka, mwenye nyumba akikuonyesha plasta imevimba, halafu akasema paka rangi juu, usibandue hata kidogo, unamjibuje?"

Aliupapasa mkanda.

"Namwambia atafute fundi mwingine."

"Basi."

"Basi nini?"

"Mimi sina fundi mwingine."

Aligeuza uso ukutani. Ndipo nikamweleza yale ya daktari, vipande vipande, bila mpangilio. Sijui kama alielewa yote. Mimi mwenyewe sikuelewa yote. Lakini nilisikia kifungo cha mkanda kikifunguka.

Alhamisi aliingia chumba cha sindano. Alitoka na bandeji ubavuni, uso umempauka, akaninong'oneza, "Ameipeleka upande upande yule mama. Mimi ningeiingiza wima."

Majibu yanachukua siku kumi. Leo ni ya saba. Tuko kazini, yeye amekatazwa kubeba chochote, amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, ananielekeza, na mimi ndiye ninayepiga plasta. Imepinda kidogo na hajasema neno. Kila nikigonga ukuta kuupima, wote wawili tunanyamaza, tunasikiliza.