Bismillah Kabla ya Kuachia Kamba

Februari 2013 nilimpoteza mume wangu. Moyo ulisimama akikwangua barafu kwenye kioo cha gari, nje ya jengo letu pale Malvern, mtaa wetu huku ughaibuni, kabla ya kwenda kazini.

Kazi yake ilikuwa Downsview, katika karakana ya watu binafsi waliojenga chombo cha kutua mwezini. Hakikuwahi kwenda. Kilikuwa na miguu minne, hakina mtu ndani, na kimo chake hakikuzidi friji letu. Mume wangu hakuwa mhandisi. Alikata na kulehemu miguu kwa michoro aliyopewa. Mimi niliishia darasa la saba, na alivyonieleza nilielewa hivi: mwezini hakuna hewa ya kushika parachuti, kwa hiyo mguu lazima ubonyee kidogo, umeze kishindo, usipinde.

Nilikuwa namtania. "Kila Ramadhani mnagombana mwezi umeandama au bado. Leo mnataka kutua juu yake?"

"Ndiyo maana, mke wangu. Tukifika kulekule, nani atatubishia?"

Mara ya kwanza walipokining'iniza kwa kamba na kukiangusha kwenye sanduku la mchanga, mguu mmoja ulipinda. Aliniambia hakuna aliyelaumiwa. Wahandisi walikaa sakafuni pamoja na mafundi, wakaupima, wakaanza upya. Watu wa namna hiyo nawaheshimu mpaka leo. Miguu mipya aliimaliza siku chache kabla hajafariki. Ikipinda tena, kazi yake ya mwisho ingekuwa chuma chakavu.

Siku ya jaribio la pili nilikuwa edani, sitoki nje. Simu ikalia. Alikuwa mhandisi mkuu, mwanamke wa makamo aliyekuja kwenye msiba na sufuria ya supu.

"Mama, samahani sana. Tumekwama."

"Umepinda?"

"Hata hatujaangusha. Mumeo alikuwa anaweka kiganja kwenye mguu, anasema neno lake, ndipo fundi anaachia kamba. Leo fundi kaishika, haachii. Nimemhesabia, hataki. Nimelisema mwenyewe, wamenicheka."

Nikacheka na mimi, mara ya kwanza tangu mazishi. Sikujua kama huko kazini alikuwa akipiga bismillah. Nilidhani ni ya nyumbani tu, kabla ya kula na kabla ya kuwasha gari.

Binti yangu akaweka simu mezani, sauti juu, akaninong'oneza kwa Kiingereza kwamba watu hawa ni vichekesho.

"Nyamaza, mwanangu. Wanamngoja baba yako."

Nikaweka kiganja juu ya meza, maana mguu ulikuwa mbali.

"Bismillahi."

Kishindo kikaja kama gunia la mchele limeangushwa sakafuni. Halafu kimya. Nasema kweli, katika kimya kile sikuufikiria mwezi hata kidogo. Nilifikiria mikono yake.

"Imesimama!" mwanamume mmoja akapiga kelele. "Yote minne!"

Wakapiga makofi. Mhandisi akasema, "Mama, imesimama," na sikuweza kutambua kama analia au anacheka. Kisha wakasahau simu. Nikasikia mtu anafagia mchanga huku anapiga mluzi. Binti yangu akanyoosha mkono aikate, nikamshika. Tukakaa tunasikiliza ufagio, mpaka mtu wa upande ule akaikata mwenyewe.