Duka Langu kwa Kitambulisho cha Wifi

Jumanne, tarehe tisa Aprili. Mvua imeanza alfajiri ikakatika saa nne, jua limetoka kali, mtaro wa nyuma unanuka.

Ndivyo nilivyoandika kwenye daftari asubuhi ile, na chini yake ukurasa umebaki mweupe. Haya mengine nayaandika kwa kukumbuka. Pale nisipokuwa na hakika nitasema, maana mimi ni wa darasa la saba na kichwa changu kinachanganya mambo, halafu anayesemwa humu hayupo kujitetea.

Duka lililofungwa lilikuwa langu. Halikuwa na mlango wala kizimba. Lilikuwa mtandaoni, ndani ya simu, batiki zangu zimepigwa picha juu ya kamba ya uani kwetu, mtaa wa Gerezani. Kizimba changu cha sokoni Kariakoo nilikiacha siku nyingi. Kwa miaka sita wateja wa Mwanza, wa Dodoma, mpaka wa Lubumbashi, waliandika chini ya zile picha kwamba rangi haichuji, kwamba mzigo umefika salama. Maneno yao ndiyo yaliyokuwa duka. Likipotea duka yanapotea na yenyewe, na kwa umri wangu sina miaka sita mingine ya kuyakusanya.

Ijumaa kabla ya hapo simu yangu iliingia maji. Nikapata nyingine, nikaandika neno la siri, likakataa. Nikajaribu mara saba. Duka likajifunga, ukaja ujumbe kwamba mwenye akaunti awasiliane na huduma kwa wateja, apigiwe simu ya picha akiwa ameshika kitambulisho cha taifa, waone kama ndiye.

Mwenye akaunti alikuwa wifi yangu, dada wa mume wangu.

Niseme ilivyokuwa. Nimechovya batiki tangu miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, mitumba ikaanza kujaa mjini na sisi tukatafuta kitu ambacho mitumba haina. Kostiki soda ya kuchanganyia rangi imekula vidole vyangu mpaka vimekuwa laini kama sabuni iliyotumika. Walipotaka tusajili laini za simu kwa alama za vidole, nilikaa chini ya mwavuli wa wasajili pale Msimbazi, mashine ikanikataa vidole vyote kumi. Kwenye kitambulisho cha taifa ilikuwa vilevile. Waliniambia nipumzishe mikono wiki tatu, nirudi. Sikupumzisha, sikurudi. Hilo ni kosa langu, si la mtu mwingine. Wifi akaniwekea dole lake, kama watu wengi walivyofanyiana. Laini ikawa ya jina lake, na nilipofungua duka likataka jina linalolingana na laini, nikaweka kitambulisho chake.

Basi Jumanne ile alikuja. Sikumbembeleza. Nilimpigia mara moja tu, akaja na mwavuli wake na kitambulisho ndani ya bahasha. Tukakaa uani nimfundishe majibu, maana huduma kwa wateja huuliza.

"Duka lilifunguliwa lini?"

"Mwezi wa sita."

"Wa saba, wifi! Siku mbili baada ya Sabasaba."

"Haya mwalimu, usinichape."

"Kitu cha kwanza kuuzwa?"

"Kitenge."

"Batiki! Ukisema kitenge umekwisha. Doti ya batiki, ya zambarau, yenye konokono."

"Yenye konokono. Hivi nani anajifunga konokono, wifi?"

"Mteja wa Tanga."

Tulicheka. Nina hakika tulicheka. Nikamtajia barua pepe herufi kwa herufi, rangi zinazotoka sana, mteja aliyerudisha mzigo mwaka juzi. Alipokosea nilimrudisha mwanzo. Mpaka adhana ya adhuhuri alikuwa anajibu bila kufikiri.

"Akikuuliza kama kuna mtu mwingine anayelishika duka?"

"Nikutaje wewe."

"Usinitaje! Akaunti kwao haiazimwi, watalifunga moja kwa moja. Sema, mimi peke yangu."

"Mimi peke yangu," akasema, macho mbele, akaacha kucheka. "Kweli unataka niseme hivyo?"

"Ndivyo."

"Maana niliwahi kukuomba mara mbili tuandikwe wawili. Unakumbuka ulinijibu nini?"

Nilikumbuka. Nilimjibu mbele ya wateja waliokuja uani kuchukua mizigo yao, nao wakacheka: kazi yako wewe ni dole tu, dole lako nimeshalitumia. Ningeweza kumwomba radhi pale pale. Nikamwambia, "Wifi, tusipoteze muda, watapiga."

Kwa kuwa simu yangu ilizuiwa tulitumia yake. Laini niliihamisha kwa mkono wangu, nikaiweka kwenye simu yake ili namba za uthibitisho zimfikie. Na kwa kuwa yeye alishika kitambulisho kwa mikono miwili, simu niliishika mimi. Nilisimama mbele yake, nyuma ya kamera, nisionekane.

Akatokea binti, sauti ya upole.

"Habari za mchana, mama. Sogeza kitambulisho karibu na shavu. Hapo hapo. Ahsante."

Akauliza mwezi, doti ya kwanza, rangi. Wifi alijibu kama anasoma. Kwenye barua pepe alisitasita kidogo, nikamtamkia kwa midomo bila sauti, akaipata.

"Kuna mtu mwingine anayelitumia duka hili?"

"Mimi peke yangu."

"Sawa, mama. Sasa, kuna simu moja imejaribu kuingia dukani kwako tangu Ijumaa, mara saba. Unamfahamu huyo mtu?"

Hilo hatukulifanyia mazoezi. Wifi alinitazama juu ya simu. Sijui alitazama kwa muda gani. Mimi naona ulikuwa mrefu, lakini mtu anayesubiri jibu hapimi muda sawasawa. Nilimtikisia kichwa, maana yangu aseme ni simu yake mpya. Labda alielewa vingine. Nimejaribu sana kuamini hivyo.

"Simfahamu," akasema.

"Tumzuie?"

"Mzuieni kabisa. Kuna mtu wa nyumbani hapa anajua mambo yangu yote, hata akiwapigia msimsikilize."

Nilikuwa na mdomo. Ningesema, "Dada, mimi ndiye." Lakini hapo ningekuwa nimekiri uongo tulioutunga mimi na yeye, wangelifunga duka, akose yeye, nikose mimi. Nikaendelea kumshikia simu. Binti akasema aandike neno jipya la siri. Wifi akanyoosha mkono, akachukua simu yake mkononi mwangu, akanigeuzia mgongo, akaandika.

"Wifi, umefanya nini?" nilimuuliza baadaye.

"Ulichonifundisha."

"Hata kuchovya hujui!"

"Kwani wewe umekufa? Utachovya, mimi nitauza. Mimi dole, wewe vidole. Si ulitugawia kazi mwenyewe?"

Mume wangu aliporudi kutoka kazini kwenye spea za magari nilimweleza yaliyotokea, nikachukua simu yake nikapiga. Akapokea binti yule yule. Nikamjibu yote, na zaidi ya aliyouliza, mpaka nani alisifia nini na lini.

"Umejibu vizuri, mama. Vizuri kuliko mwenyewe."

"Basi mimi ndiye!"

"Kitambulisho chako?"

"Sina, mwanangu. Vidole vyangu..."

"Mwenyewe alishatutahadharisha juu yako," akasema. Hakupandisha sauti. "Mama yangu, kwa umri wako, mwachie mwenzio jasho lake."

Akakata. Simlaumu. Alikuwa na kitambulisho kilichofanana na uso, na mtu asiye na kitambulisho anayejua mno. Ningekuwa mimi ningefanya hivyo hivyo.

Mume wangu alisikia yote, amekaa kwenye ngazi anavua viatu.

"Sema neno," nikamwambia. "Mwambie dada yako duka ni langu."

"Nimwambie nani? Umeshinda kutwa unamfundisha aseme ni lake."

"Wewe unajua!"

"Mimi najua. Kitambulisho hakijui." Akanawa miguu, akamuuliza dada yake kama atakula kwetu au anawahi kwake. Wifi akasema atakula.

Nikapika. Tulipokuwa mkekani simu yake ikalia, akasoma kwa sauti: mteja wa Dodoma, wa siku zote, anataka doti tatu za kijani, na anauliza kama mama wa batiki yuko salama, mbona alikuwa kimya. Wifi akafuta vidole, akaandika kwamba mama yuko salama. Halafu akaniuliza kama kijani kitakauka na mvua hii. Nikasema kitakauka.

Tulikula ugali, mchicha wa nazi na samaki, vibua viwili vya kukaanga. Kimoja alikula mume wangu, kingine nilimwekea wifi, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa mgeni. Alisema chumvi imekaa sawa.