Kitako Kipya cha Bunduki ya Denzil

Shemeji yangu Denzil Cutlip, mume wa dada yangu Arlene, alikuwa mtu wa kuchosha, na nasema hivyo nikiwa nampenda. Kazi yake ilikuwa ukaguzi wa gesi katika mgodi wa makaa hapa kwetu West Virginia. Wenzake wakiwa bado wanakunywa kahawa, yeye alitangulia chini peke yake na taa, akapima hewa, na kila chumba alichokiona salama alikiandika ukutani kwa chaki: D.C., na tarehe. Watu waliingia kwa kuziamini herufi hizo. Kwenye mgodi wa bonde la pili, mkaguzi mmoja aliwahi kuandika herufi zake mahali ambapo hakufika, kwa uvivu tu; gesi ikalipuka, na wanaume wa zamu ile hawakutoka. Denzil alibeba majeneza. Tangu hapo, ukimwambia jambo fulani si kubwa, anakukazia macho mpaka unajuta.

Akastaafu, na maradhi yakampata. Yalikuwa yale yanayokula misuli, yakaanzia mkono wa kulia. Daktari hakumficha kwamba hayana dawa. Denzil aliuliza swali moja tu.

"Jumatatu ya kulungu nitafika?"

"Kufika utafika," daktari akasema. "Mkono ndio siwezi kuuahidi."

Kwetu Jumatatu hiyo ya Novemba, siku ya kwanza ya msimu wa kuwinda kulungu, shule zinafungwa na hata kanisani watu wanaombea hali ya hewa. Denzil hakuwahi kuikosa tangu utotoni. Alikuwa na bunduki ya Kirusi ya kuwindia, ile inayojipakia risasi yenyewe, na hiyo ilimfaa kwa sababu mkono dhaifu usingehangaika kuvuta komeo kila baada ya risasi. Tatizo lilikuwa kitako. Kilikuwa ubao mnene, na kiganja lazima kiuzungukie kwa kujipinda, na kiganja chake kilikuwa kimekataa kujipinda. Alihitaji kitako chepesi chenye mshikio wa kusimama, kama mpini wa msumeno.

Nikanunua. Kitako kikaja, kizuri kweli. Nikaenda na bisibisi zangu.

"Weka chini hiyo bisibisi, Burl," akaniambia.

"Kwani vipi tena?"

"Hii iliingia nchini kama bunduki ya kuwinda. Ukiifunga mshikio huo ikiwa bado imejaa vyuma vya Urusi, umevunja sheria. Vile vipande vinavyohesabiwa na sheria, vya kigeni visizidi kumi. Vingine viwe vimetengenezwa hapa kwetu. Kwanza vipande, halafu kitako."

"Shemeji, nani atapanda mlima wote huu kuja kukuhesabia vyuma?"

"Mimi."

Nikatazamana na Arlene. Dada yangu akainua mabega. "Ndiye niliyeolewa naye," akasema. "Mie niliomba mume, nikapewa mizani."

Basi tukaanza. Triga ikaja, nikaifunga. Nyundo yake ikaja, nikaifunga. Kila kipande alikiweka kwenye kitambaa cheupe mezani, akakigeuza kwa mkono wa kushoto na kukichungulia kwa kioo cha kukuzia. Ikabaki pistoni, kile chuma kinachosukumwa na gesi ya risasi ili bunduki ijipakie. Kitako kilikuwa kimelala juu ya kabati, na mimi nikikitazama kila nilipokuja kula maharage ya Arlene, huku kijiko cha Denzil kikihama kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto.

Pistoni ikaja Oktoba. Denzil akaichungulia, akanipa kioo. Ubavuni ilikuwa na alama ya kiwanda cha Urusi. Muuzaji alikuwa ametuma isiyo yenyewe.

"Nipe tupa," nikasema. "Dakika moja alama inaondoka."

Alinitazama kana kwamba nimewasha kiberiti mgodini. "Ukiifuta alama, itakuwa imetengenezwa wapi?"

Nikapandwa na hasira. Nikamwambia sheria ni msumeno, sawa, lakini huu unamkata yeye peke yake. Nikamwambia leo kidole bado kinakunja, tufunge kitako leo hii, apige hata kopo uani, mwezi ujao hatujui. Arlene alikuwa kwenye jiko, ametugeuzia mgongo. Akasema bila kugeuka, "Denzil, tafadhali." Sijawahi kumsikia dada yangu akiomba namna ile. Denzil akatikisa kichwa. Macho yake yalikuwa yamelowa, lakini alitikisa.

Tukairudisha pistoni. Tukangoja. Nilikuwa nasimama barabarani kumngojea mleta barua kama msichana aliyeahidiwa posa.

Ile ya kweli ilifika Jumamosi, siku mbili kabla ya uwindaji. Denzil akaikagua, akasema, "Haya. Sasa." Nikafunga pistoni, nikafunga kitako, nikamwekea mto mapajani na bunduki tupu juu yake. Kiganja kikaingia kwenye mshikio sawasawa, kana kwamba kilichongwa kwa ajili yake. Nikakisukuma kidole chake mpaka kwenye triga.

"Vuta, shemeji."

Triga haikulia.

"Vuta basi."

"Ninavuta," akasema.

Kidole kilikuwa kimelala pale pale. Nikamuuliza kama niweke changu juu ya chake. "Hapo utakuwa umewinda wewe," akanijibu.

Jumatatu alfajiri Arlene alimfungulia dirisha, baridi yote ikaingia. Milio ya bunduki ikaanza kutoka vilimani. "Mmoja tu. Huyo kapata nyama," Denzil alisema. Halafu ikalia mitatu mfululizo. "Huyo kakosa, kaenda nyumbani na maelezo." Tukacheka. Kisha akaomba chaki. Alitaka kuandika ndani ya kitako, pasipoonekana na mtu, kwamba bunduki imekaguliwa na iko salama.

Chaki ilimdondoka. Nikamrudishia, ikadondoka tena, ikavunjika.

"Nikuandikie?" nikamuuliza. "D.C. tu. Kila kipande umekiona mwenyewe."

"Nimekiona," akasema. "Lakini herufi zangu haziandikwi na mtu mwingine, Burl. Unajua."

Ninajua. Nililia pale pale mbele yake bila aibu, nimeshika kipande cha chaki, na yeye akawa ananitazama, hana hata mkono wa kunigusa bega.