Imeli Moja kwa Mji Mzima

Wazo lilikuwa langu, sitamsingizia mtu. Miaka ile ya vita ya barabara ya Niemba, wakimbizi walipojaa pembeni mwa Kalemie, kazi yangu ilikuwa kuajiri watu katika shirika moja la misaada. Nilikuwa nimechoka na foleni ya bahasha getini, na shemeji wa kila mkubwa kuja kunibembeleza. Nikamwambia mkuu wangu tuajiri kwa intaneti. Nikatengeneza fomu, nikaipanga mashine ipokee dosie moja tu, yaani barua na vyeti vya mwombaji, kwa kila anwani ya imeli. Ukituma ya pili, inafuta ya kwanza. Wajanja wa kuomba mara tano nimewaweza. Nilijiona mtu kweli.

Tulitafuta mkunga mmoja wa kambi. Humo kambini alikuwemo mama mmoja, mkunga wa miaka kumi na minne, aliyekimbia kijiji chake upande wa Niemba na watoto wanne. Alikuwa akizalisha wanawake chini ya mahema bila malipo, na lugha zao anazijua. Alikuja getini na dosie yake mkononi. Sikuipokea. Nikamfundisha, kwa kiburi cha mwalimu mpya, kwamba siku hizi ni intaneti tu, hakuna upendeleo. Akanisikiliza vizuri. Kabla ya kuondoka akaniambia, "Papa, hapa watoto wanalala njaa. Nikikosa hii kazi nitawarudisha mu kijiji, hata kama vita haijaisha."

Siku ya kufunga maombi nikafungua orodha. Goma, Bukavu, Lubumbashi, Kinshasa. Kutoka Kalemie dosie moja tu, ya msichana aliyemaliza shule juzi. Ya mama haikuwemo. Nikaudhika naye, ndiyo, nikaudhika: nimemweleza yote, ameshindwa hata kutuma! Kwenye kikao nikasema watu wa Kalemie hawana haraka na kazi. Tukamchukua mkunga wa mbali, mwenye vyeti vizuri, asiyejua neno hata moja la Kiluba, lugha ya wale wanawake wa kambini.

Wiki iliyofuata intaneti ya biro, ofisini kwetu, ikakatika. Nikaenda kwa mzee mmoja mwenye chumba cha intaneti karibu na bandari, ambacho nusu ya mji ilikitegemea. Aliponitambua akafurahi, akaniuliza kama dosie zote zilinifikia. Zote zipi? Akanigeuzia mashine nione. Watu hawana imeli, akaeleza, basi yeye alituma dosie zao zote kwa imeli yake, kwa utaratibu, mmoja baada ya mwingine. Walikuwa wamekuja kwangu wengi hivyo, na kila mmoja alimfuta aliyemtangulia, hadi akabaki yule msichana wa mwisho. Mama yule alikuwa wa tatu. Mzee akataka kujua kama kuna kosa. Nikasema hapana, kazi nzuri.

Ningeweza kumwambia mkuu wangu siku ile ile. Lakini mkataba ulishasainiwa, na ningesema nini, kwamba ile fomu niliyosifiwa ndiyo iliyowafungia watu mlango? Niliogopa kibarua changu kisije kikaota nyasi. Ni woga tu, sina jina lingine la kuupa.

Niliporudi nilimkuta mama getini. Alikuwa amesikia kambini kwamba mkunga mpya amefika. Hakulia, wala hakuniletea maneno ya hasira, ambayo ningeyashukuru.

"Papa, niambie tu ukweli. Nini njo ilikosekana mu dosie yangu?"

Nikamjibu kwamba wengine walikuwa na uzoefu zaidi. Miaka kumi na minne, na mimi nikatamka hivyo bila kigugumizi. Akafikiri, kisha akaitika kwa kichwa. Aliniamini. Hilo ndilo lililonimaliza.

"Aksanti kwa kunisomea, Papa," akasema. "Basi kesho tunarudi mu kijiji."

Nikamtakia safari njema.